Herufi tano zilizotoka 2021 na hakuna aliyeuliza

Wasee, stori ya xz mnaijua, ile ya Machi 2024 seva kibao zilikaribia kuwekwa mlango wa nyuma. Shida ni kila mtu huianzia mwisho. Mimi naianza Novemba 2021, kwa libarchive, maktaba ya programu inayofungua faili za tar na zip. Usiseme haikuhusu. Kama unatumia Windows 10 ama 11, uko nayo.

Mwezi huo, akaunti iliyojiita Jia Tan ilileta pendekezo dogo: faili ikikataa kufunguka, onyo litaje sababu. Poa kabisa, nani angekataa? Ila mle ndani, palipokuwa na safe_fprintf pakawekwa fprintf. Ya kwanza husafisha jina la faili kabla ya kulionyesha kwa skrini. Ya pili hulitupa tu vile lilivyo, na jina la faili kutoka kwa mtu usiyemjua linaweza kubeba herufi fiche zinazoiamrisha terminali yako. Pendekezo likapita bila mjadala.

Kuna wanaosema mkaguzi alilala kazini. Zii. Kazi gani, na programu za aina hii nyingi hubebwa na watu wa kujitolea? Halafu swali linalokuja haraka ni "inafanya kazi?" na ilifanya. Swali la "mbona umetoa hii?" ndilo gumu, juu jicho hukimbilia kilichoongezwa. Hapa zilitoka herufi tano tu, ukihesabu na kile kistari.

Jina hilo hilo lilikuwa limeanza kuzoeleka kule xz, mradi ambao Lasse Collin aliubeba karibu peke yake. Juni 2022 aliandika wazi kwamba afya ya akili imemlemea. Akaunti zingine zikazidi kumsukuma agawe uongozi (roho mbaya hiyo, kusema ukweli), na Jia Tan akaupata. Februari 2024 toleo 5.6.0 likatoka na sumu. Andres Freund aliishtukia kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Wewe ungejali?

Alipotangaza tarehe 29 Machi, watu walirudi kufukua kila kitu Jia Tan aliwahi kugusa, na libarchive wakarudisha safe_fprintf yao. Ilikuwa imekaa nje miaka 2 na zaidi, hadharani, mahali yeyote angeweza kuisoma.