Leza ya Waingereza Ndani ya Moscow

Haya wasomaji, leo tuziweke kando programu na tarakilishi. Nina swali: gesi ikiwa na joto la digrii milioni 10, utaipima kwa nini? Kipimajoto hakifai. Chochote utakachotumbukiza humo kitaungua, tena kitaipoza na kuichafua gesi yenyewe.

Gesi ya namna hiyo huitwa plazma. Joto limezidi hadi elektroni zimebanduka kutoka kwa atomu zao. Jua letu ni plazma, na wanasayansi wanataka kupata umeme kwa kuiga kazi yake hapa duniani.

Mwaka 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Mrusi Lev Artsimovich alitangaza kwamba mashine yao, T-3, imefikisha elektroni joto la karibu digrii milioni 10. T-3 ilikuwa tokamaki, yaani chombo chenye umbo la tyubu ya gurudumu, ambacho huizuia plazma kwa sumaku. Wengi wa nchi za magharibi hawakuamini. Mwamba ngoma huvutia kwake! Isitoshe, Warusi walikuwa wamekadiria joto kwa njia ya sumaku, na elektroni chache zenye mbio kupita kiasi zingeweza kuharibu hesabu yote.

Artsimovich alifanya nini? Aliwaalika Waingereza wa maabara ya Culham waje wapime wenyewe. Kumbuka hii ilikuwa Vita Baridi! Mwaka 1969 kikundi cha Nicol Peacock, Derek Robinson, Mike Forrest na Peter Wilcock kikafunga leza na vifaa vyake, tani kadhaa, kikaenda Moscow. Huko walifanya kazi pamoja na Mrusi, Sannikov.

Njia yao ni rahisi kueleza, ngumu kutenda. Unapiga mwali mkali wa leza ya rubi, mwekundu, wa muda mfupi mno. Elektroni zinatikiswa na mwanga huo na kuutawanya pande zote, jambo lililoelezwa na J.J. Thomson. Mwanga unaotawanywa ni kidogo sana, lakini una habari mbili. Wingi wake unakuambia elektroni ni ngapi mahali pale. Rangi yake inakuambia joto: elektroni zikienda kasi, rangi ile moja ya leza hutanuka.

Majibu yalichapishwa katika jarida la Nature Novemba 1969. Joto lilifika kama digrii milioni 11. Elektroni zilikuwa trilioni 10 hadi 30 katika kila sentimita moja ya ujazo. Usidhani ni nyingi. Hewa unayovuta ina molekuli mara milioni moja hivi zaidi ya hapo.

Warusi walikuwa wamesema kweli. Princeton, Marekani, waligeuza mashine yao ya Model C kuwa tokamaki mwaka 1970, na wengine wakafuata. Culham kwenyewe kukajengwa tokamaki kubwa, JET, iliyofanya kazi toka 1983 hadi 2023.

Sisi tunaoandika programu twajua kwamba aliyeandika asiwe ndiye mpimaji wa pekee. Artsimovich alimfungulia mlango mpimaji aliyemtilia shaka, na ndiyo maana dunia ilimwamini.