Kupandisha toleo la Debian kwenye seva iliyo mbali

Wadau, seva ikiwa mbali kosa moja tu linakufungia nje. Mimi yalinikuta: umeme wa kafe ulizimika katikati ya kazi, SSH ikafa, seva ikabaki nusu Debian 11 nusu 12. Bahati niliingia tena, dpkg --configure -a ikaniokoa. Siku hizi naanza na screen. Laini ikikatika kazi inaendelea humo, nikirudi naandika screen -r.

Nakili data kwanza, uihifadhi nje ya seva hiyo. Usiruke toleo: toka 11 kwenda 13 (ya Agosti 2025) lazima upitie 12. Kabla ya kuiwasha upya angalia jina la kadi ya mtandao, laweza kubadilika, na ujaribu konsoli ya wanaokukodisha seva. Nywila yake unayo kweli?