Habari za Tikiti la Jamu na Jinsi ya Kulitambua

Katika miaka 10 ya Chama chetu tumejadili mengi mikutanoni: bei ya ufuta, mizani, ghala, na tembo wanaovuka mpaka wa hifadhi usiku. Lakini ni machache yaliyozua ubishi kama tikiti gumu ambalo wengi wetu hapa Kisaki huwatupia mbuzi. Mwanachama hupanda mbegu alizodhani ni za tikiti maji, akapalilia na kungoja. Siku ya kuvuna hupasua tunda lenye sura njema, akakuta nyama nyeupe, ngumu, isiyo na utamu wowote. Mnunuzi akikuta matunda mawili matatu ya namna hiyo katika lori, hukata bei ya shehena nzima. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanachama walitaka tikiti hilo ling'olewe kila shamba, na atakayelipanda atozwe faini. Wengine walisema lina kazi yake. Sisi wa ofisini tuliona yafaa kwanza kuchungua asili yake.

Tikiti hili si tikiti maji lililoharibika. Ni jamaa yake, nalo lina jina lake mbele ya wataalamu: Citrullus amarus. Kwao ni kusini mwa Afrika. Katika nchi kavu ya Kalahari limewapa watu na wanyama maji tangu zamani sana, maana huweza kukaa miezi mingi baada ya kuvunwa bila kuoza. David Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alieleza jinsi tembo na faru walivyolifurahia, na jinsi wenyeji walivyolichagua: walilipiga kila moja kwa shoka na kugusa jeraha lake kwa ulimi, wapate kujua lipi tamu na lipi chungu, kwa kuwa kwa macho yalikuwa sawa. (Habari ya tembo haitamshangaza mkulima wa Kisaki hata kidogo.)

Makaburu wa Afrika Kusini walijifunza kulipika kwa sukari. Huko Australia hutiwa malimau au tangawizi, na kusini mwa Ufaransa wana jamu yao ya tikiti hilohilo. Mwezi wa Septemba 1916, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali Brits na Jenerali Enslin yalipigana na Wajerumani papa hapa Kisaki, yakarudishwa nyuma. Askari wale walitoka katika nchi ambako tikiti hili ni jamu mezani. Nasi tungali tukilitupa jalalani.

Asione haya mwanachama aliyelikosea, kwa maana wasomi wakubwa walilikosea muda mrefu kuliko yeye. Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, alichuma mmea mmoja wa tikiti huko Rasi mwaka 1773, naye akautangaza kwa jina la kisayansi mwaka 1794. Mwaka 1930 mtaalamu mmoja wa Marekani aliamua kuwa mmea ule na tikiti maji letu la kula ni kitu kimoja, na vitabu vikafuata. Hata mwaka 2015, wataalamu walipopima chembe za urithi za jani lile kavu la Thunberg, ikadhihirika kuwa halikuwa tikiti maji kamwe. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa ndugu wa karibu kabisa wa tikiti maji yuko Kordofan, nchini Sudan. Basi hili la jamu kwao ni kusini, na lile la kula asili yake ni kaskazini mashariki mwa Afrika; katika mashamba yetu ya bonde la Mgeta yamekutana, na hapo ndipo shida ilipo.

Shida ni nyuki. Mimea hii miwili huzaana kwa urahisi. Nyuki akitoka ua la tikiti la jamu na kuingia ua la tikiti maji, tunda la msimu huo halibadiliki, bali mbegu zilizomo ndani zimekwisha changanyika. Mkulima azikaushe, ampe jirani, na hasara itaonekana mwaka wa pili, shambani kwa mtu asiye na kosa. Majani na maua hayasaidii sana kuyatenganisha, na ganda hudanganya. Kisu ndicho hakimu. Tikiti la jamu lina nyama nyeupe au ya kijani hafifu, imara hata likiiva, na mbegu zake mara nyingi ni nyekundu au za rangi ya kahawia hafifu. Lakini tikiti maji bichi nalo ni jeupe ndani, kwa hiyo asihukumu mtu kabla tunda halijakomaa.

Baada ya kisu ni ulimi, nao usikose kutumika. Tunda lisilo na ladha lafaa kupikwa. Lililo chungu litupwe, na mbegu zake zisiwekwe. Uchungu huo hauondoki kwa moto wala kwa sukari, nao huweza kuleta matapishi na kuhara.

Kulipika si kazi ngumu. Ondoa ganda na mbegu, katakata nyama vipande vidogo, nyunyiza sukari ya uzito sawa au pungufu kidogo, uache mpaka kesho yake. Tia maji ya malimau na tangawizi, chemsha hadi vipande ving'ae na tone lililowekwa juu ya sahani baridi likunjamane likisukumwa kwa kidole. Tunda hili lina kwa wingi kile kinachogandisha jamu, ambacho wataalamu hukiita pektini. Sukari hutengenezwa mkoani mwetu, Kilombero na Mtibwa. Gharama yake, hata hivyo, ndiyo kubwa kuliko zote.

Kuhusu faini, mkutano uliikataa. Wazee walikumbusha mwaka 1955, watu wa Matombo walipoasi kulazimishwa kuchimba ngazi milimani. Badala yake ilikubaliwa kwamba mbegu za tikiti maji zinunuliwe kupitia Chama, na atakaye kupanda la jamu alipande mbali, umbali usiopungua kilomita 1 kutoka shamba linalotunziwa mbegu.

Chupa zilizowekwa mezani siku ya sherehe zimepikwa na akina mama wa Chama. Ni za kuonja tu. Haziuzwi mpaka zipate alama ya Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula pia. Mwenye shaka na tunda la shambani kwake alilete ofisini likiwa zima, wala asilipasue njiani.