Mbwamaji: Jirani Aliyelitangulia Jiji

Mwanafunzi akiulizwa jiji la Dar es Salaam lilianza lini, hujibu bila kusita kwamba lilianzishwa na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliyejenga kando ya bandari ile katika miaka ya 1860. Jawabu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya kweli. Latufanya tudhani kwamba pwani ile ilikuwa pori tupu, likingoja mwenye mali aje na mafundi wake. Katika insha hii twakusudia kumwongoza msomaji hadi Mbwamaji, makazi madogo ambayo wengi wetu hatuyajui, ili tuone kwamba jiji halikuzaliwa bila wazee.

Mbwamaji ipo kusini ya mlango wa bandari, upande wa Kigamboni. Mtu akivuka kwa kivuko kutoka Magogoni, akapita Mjimwema na kuendelea kuifuata pwani, hufika Gezaulole. Na huko ndiko kuliko na magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya mawe. Mawe yenyewe ni matumbawe. Watu wa pwani waliyachonga kwa kujengea, na mengine wakayachoma juu ya kuni mpaka yakawa chokaa ya kuungia. Kazi hiyo yataka mafundi, yataka kuni nyingi, na yataka subira. Kaburi la namna hiyo halijengwi na mpita njia. Hujengwa na watu waliotaka wajukuu wao walione.

Watu hao walikuwa nani? Pwani hii, tangu Bagamoyo hadi kusini ya Mzizima, ilikaliwa na Washomvi, Waswahili ambao masimulizi yao yasema kuwa wazee wao walitoka Barawa. Nyuma yao, barani, walikaa Wazaramo. Masimulizi yaliyoandikwa zama za Wajerumani yaeleza jinsi Washomvi walivyovamiwa na Wakamba, wakaomba msaada kwa Pazi Kilama, mkuu wa Wazaramo. Na alipowashinda adui, Washomvi wakakubali kumlipa ada kila mwaka. Tusiyachukue masimulizi hayo kama hati ya mahakama. Hata hivyo yatufundisha jambo moja kubwa: watu wa pwani na watu wa bara walikwisha kupatana, wakawekeana haki na wajibu, kabla ya sultani au gavana yeyote kuja kuwapangia.

Mapatano hayo yalikuwa na faida kwa pande zote mbili. Mzaramo alikuwa na nafaka, na alichimba ardhini sandarusi, ule utomvu wa kale uliogeuka kama jiwe, ambao ng'ambo ulitumiwa kutengenezea vanishi. Mtu wa pwani alikuwa na chumvi, samaki na nguo. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Marekani, waliinunua sandarusi Unguja na kuleta vitambaa vya pamba, na ndiyo maana hata leo kitambaa kile twakiita merikani. Hivyo jembe la mkulima wa Uzaramo lilikuwa limeungana na soko la mbali, wala mkulima huyo hakungoja jiji kuzaliwa.

Zaidi ya hayo, Mbwamaji ilikuwa na njia yake. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, kwenda kuyatafuta maziwa makuu. Walipokuwa Uzaramo walikutana na njia kuu ya misafara iliyotoka Mbwamaji, na Burton akaitaja katika kitabu chake. Yafaa tuutafakari ushahidi huo. Mgeni hakuiita njia ile kwa jina la Dar es Salaam, kwa kuwa jina hilo lilikuwa halijawa na mji. Aliiita kwa jina la kijiji ambacho leo hata ramani nyingi za shule hazikionyeshi.

Basi, ni nini kilichoishusha Mbwamaji? Si uvivu wa watu wake. Sababu kubwa ni maji. Jahazi na mashua zaweza kupanda mchangani bamvua likijaa, zikapakuliwa maji yakitoka. Kwao ufuko wa Mbwamaji ulitosha. Meli ya moshi haiwezi. Hiyo yataka kina na utulivu, na bandari ya Dar es Salaam ina vyote viwili: mlango mwembamba, na ndani maji marefu yasiyofikiwa na mawimbi. Majid alifariki mwaka 1870, na kazi yake ikalala. Lakini Wajerumani walipokuja mwaka 1887 waliitambua thamani ya bandari ile, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ukaanza, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Mizigo iliyobebwa vichwani mwa wapagazi ikahamia kwenye mabehewa, na njia ya Mbwamaji ikaota majani.

Bandari ilikufa, lakini watu hawakufa. Walivua, walilima, walipanda minazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijiji cha ujamaa cha Gezaulole kikaanzishwa hapo, kikawapokea na watu waliotoka mjini. Jina lenyewe ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Twaona hapa mzunguko wa ajabu: kijiji kilichosaidia kuandaa pwani kabla ya jiji, sasa kilipewa watu wa jiji ili kiwafundishe kushika jembe.

Tangu hapo jiji limepanda kama maji ya bamvua. Katika sensa ya mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 272,000. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wake ulihesabiwa watu 5,383,728. Mwaka 2016 Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, lilifunguliwa, na Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa ng'ambo, ikawa mlangoni. Shamba lageuka kiwanja, na kiwanja chageuka nyumba. Hatusemi kwamba nyumba zisijengwe, maana watu lazima walale. Twasema kwamba anayechimba msingi ajue anachimba juu ya nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda magofu, lakini sheria haina macho. Macho ni yetu sisi wenyewe.

Wazee husema: Mgala muue na haki yake mpe. Haki ya Mbwamaji ni ndogo, nayo ni kutajwa. Mwalimu afundishapo historia ya Dar es Salaam na aanze ng'ambo ya maji, kisha avuke pamoja na wanafunzi wake, si kinyume chake. Wakifika wayapime makaburi bila kuyagusa kwa chuma, wayachore, wawaulize wazee wa Gezaulole majina ya visima, ya mashamba na ya miti, na wayaandike yote madaftarini. Jiwe la tumbawe lililopoteza chokaa yake huanguka pole pole, na mzee naye hangoji mtihani upite.