Laini Nisiyoijua: Alama za Vidole, Mawasiliano Binafsi na Haki ya Kuambiwa

Nilibonyeza *106# kituoni, nikisubiri daladala, kwa kukosa la kufanya tu. Jibu likaja na namba tatu za simu zilizosajiliwa kwa namba yangu ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Mbili nilizitambua. Ya tatu sikuwahi kuiona. Hapo nikamkumbuka kijana mmoja wa mwamvuli, wale wanaosajili laini kando ya barabara, aliyenishika mkono na kuniambia, "Mzee, weka tena kidole, mtandao unasumbua." Nikaweka. Akanifutia kidole kwa kitambaa, nikaweka tena. Siku ile nilimhurumia kwa jua lililokuwa likimpiga.

Nilipokwenda dukani kuifuta, mhudumu aliniuliza, "Kwani umetapeliwa, mzee?" Nikamjibu bado. "Basi usiwe na wasiwasi." Kisha akasogeza kimashine chake: ili laini ifutwe, alihitaji kidole changu.

Wasiwasi wangu una historia. Hapa Tanzania, usajili wa laini uliwekewa msingi na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ulipofika wakati wa alama za vidole, mwisho uliwekwa 31 Desemba 2019. Rais Magufuli akaongeza siku 20, na baada ya 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa upya zikaanza kuzimwa. Wenye vidole vilivyosuguliwa na jembe walihangaika kuliko wote, maana mashine haisomi kilichofutika. Hoja ya serikali ilikuwa utapeli na uhalifu, na siidharau: asiyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huenda hana simu. Lakini ujumbe huo bado unaingia, na mara nyingine unatoka kwenye laini zenye majina ya watu kama mimi.

Hapa ndipo mfumo unapoanza kudanganya. Umejengwa juu ya dhana kwamba mwenye kidole ndiye mwenye sauti. Namba ikitumika katika kosa, jina linalojitokeza ni la aliyeweka kidole, na kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 jina hilo halipatikani kwa shida. Kifungu cha 32 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa usalama wa ngazi inayolingana naye, kumwamuru yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya uchunguzi. Hakimu hatajwi mpaka pale njia hiyo inaposhindikana. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016, baada ya mtandao wake kugoma kutoa taarifa za wachangiaji wake. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mtu wa kuweza kugoma namna hiyo hapatikani kila siku. Makarani wengi wakiletewa barua yenye muhuri watachapa kilichoombwa na kurudi kwenye chai yao, nami siwalaumu.

Kuna swali linalorudiwa vijiweni na hata semina za wasomi: kama huna kosa, unaogopa nini? Swali hili linadhani kwamba kosa na hofu ni vitu vinavyotembea pamoja. Mimi sina kosa, na bado nina laini isiyo yangu. Tena linasahau adabu tuliyolelewa nayo. Anayebisha hodi hamshuku mwenyeji kuwa amemficha mwizi uvunguni. Anatambua tu kwamba ndani kuna watu, na hodi tatu zisipojibiwa, anarudi alikotoka. Ibara ya 16 ya Katiba yetu imeshika adabu hiyohiyo inapohifadhi maskani ya mtu na mawasiliano yake binafsi kwa pamoja, kisha ikaiachia mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kisheria wa lini na vipi haki hiyo yaweza kuingiliwa.

Nakubali kwamba mpelelezi hawezi kubisha hodi kwanza. Anayempigia hodi jambazi atakuta nyumba tupu. Ninachokipinga ni ukimya wa baadaye: uchunguzi umekwisha, jalada limefungwa, na aliyechunguzwa hataambiwa milele. Asiyejua kwamba ameingiliwa hawezi kulalamika popote, na kwa hiyo hata sheria nzuri inabaki bila mtu wa kuitumia.

Afrika Kusini walilipata somo hili kupitia mwandishi wa habari Sam Sole, ambaye mazungumzo yake ya simu ya mwaka 2008 yalinaswa. Alikuja kupata uthibitisho mwaka 2015 kwa sababu nukuu za mazungumzo hayo zilijitokeza kwenye nyaraka za kesi iliyomhusu Jacob Zuma, yaani kwa bahati. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba sheria ya kunasa mawasiliano inakiuka Katiba, na moja ya kasoro zake ni kutomwarifu aliyenaswa baada ya kazi kwisha. Mahakama ikaweka utaratibu wa muda: aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kumalizika, isipokuwa jaji aahirishe kwa sababu anazoziona.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake. Inamsaidia mtu anayesumbuliwa na wakopeshaji wa mitandaoni. Kwa usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, imeacha mlango wa msamaha. Sidai mlango huo ufungwe. Nadai kipengele kimoja kama kile cha siku 90, kiandikwe kwenye sheria yenyewe badala ya kuachiwa kanuni za waziri.

Laini ya tatu ilifutwa mbele yangu. Nikamwomba mhudumu anionyeshe ilikuwa ikiwasiliana na nani kwa miaka yote hiyo. Akatikisa kichwa kwa upole: taarifa za mteja ni siri, labda nije na barua ya polisi. Nilichungulia kioo cha kompyuta yake. Mteja aliyekuwa akimlinda alikuwa na jina langu.