Mimba ya Mapacha Yenye Hatari: Hukumu za Sharia na Wajibu wa Familia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mapacha ni neema, lakini mimba yao ni nzito kuliko ya mtoto mmoja. Tumekusanya hapa mambo ambayo familia za Unguja, Pemba na visiwa vidogo zinahitaji kuyajua kabla ya saa ya dharura, tukifuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi'i.

Dalili zisizosubiri

Mama wa mapacha yuko karibu zaidi na kifafa cha mimba, upungufu wa damu, uchungu kabla ya wiki ya 37 na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mapacha wanaochangia kondo moja wana hatari ya ziada: mmoja anaweza kupata damu nyingi kuliko mwenzake, wakadhurika wote wawili. Kwa hiyo apigwe ultrasaundi miezi ya mwanzo.

Akiumwa sana na kichwa, akiona ukungu, akivimba uso na mikono ghafla, akiumwa juu ya tumbo, akitokwa na damu au maji, au watoto wakipunguza kucheza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ruhusa na safari

Kuihifadhi nafsi ni wajibu. Akikosekana daktari mwanamke, daktari mwanamume anaruhusiwa kumtibu kwa dharura. Kupasuliwa na kutiwa damu si kuikimbia kadari. Tiba nayo ni katika kadari.

Kuokoa maisha hakusubiri ruhusa ya mume. Anayekwenda dago aseme mapema nani atamsindikiza mkewe. Wa Tumbatu, Kojani na Makoongwe wana bahari ya kuvuka: boti, nauli na watu wa kutoa damu waandaliwe mapema, na mimba ikikua mama ahamie kwa jamaa walio karibu na hospitali.

Saumu

Akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na watoto, hula na kulipa siku tu. Akihofia watoto peke yao, hulipa siku na kutoa fidia ya mudi moja ya chakula kwa kila siku. Fidia haiwi mbili kwa sababu watoto ni wawili.

Kuitoa mimba

Baada ya siku 120 ni haramu kuitoa, hata watoto wakiwa na kasoro. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, mwaka 1990, lilivua hali moja: jopo la madaktari bingwa waaminifu likithibitisha kuwa kubaki kwa mimba ni hatari ya hakika kwa uhai wa mama. Uamuzi huu si wa mkwe wala wa jirani.

Damu na sala

Damu ya uchungu kabla ya kuzaa si nifasi. Kwa Shafi'i, nifasi huanza baada ya kutoka pacha wa pili. Kwa Hanbali, huanza kwa wa kwanza. Kwa kawaida huwa siku 40, na mwisho wake kwa Shafi'i ni siku 60.

Pacha akifariki

Aliyelia au kuonesha uhai kisha akafa huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa. Aliyetimiza miezi minne bila kuonesha uhai huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa; wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu kumsalia. Asitupwe wala kuachwa hospitali bila ya mwenyewe.

Mama naye asilaumiwe. Hakuna neno la kuambiwa kwamba alikula hiki au alipita pale. Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwanamke anayekufa kwa ajili ya mimba miongoni mwa mashahidi, hiyo ni faraja kwa waliofiwa, wala si udhuru kwa waliochelewa kumpeleka kwenye tiba.

Twamuomba Allah awahifadhi mama zetu na watoto wao. Wallahu a'lam.