Dawa Iliyotoka kwa Watia Rangi

Mwaka 1856, kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Alichopata ni rangi ya zambarau iliyong'ang'ania hariri hata ikifuliwa, na wenye viwanda vya nguo wakaichangamkia. Miaka mitano baadaye Mfaransa Charles Lauth akatengeneza zambarau nyingine, na katika ukoo huo ndimo ilimotoka GV, ile dawa ya majimaji ambayo wahudumu wa zahanati wamewapaka watoto wetu kwa pamba miaka nenda rudi.

Kwanza ilipita maabara. Mwaka 1884, Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliitumia kupaka bakteria ili waonekane kwenye hadubini. Wengine waliishika rangi, wengine wakaiachia walipooshwa kwa alkoholi. Hadi leo maabara za hospitali huwatenganisha bakteria kwa njia hiyo.

Aliyethubutu kuitoa hadubinini na kuipeleka kwa mgonjwa ni Jakob Stilling, daktari wa macho wa Strasbourg. Mwaka 1890 alitangaza kwamba rangi hizi zinaweza kutibu maambukizi yenye usaha, na kampuni ya Merck ikaanza kuziuza kama dawa. Kwangu mimi Stilling anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa, maana penisilini ilikuwa bado miaka 38 kugunduliwa. Mwaka 1912, Mmarekani John Churchman alionyesha kwamba bakteria wanaoishika rangi ya Gram ndio hasa inaowazuia kukua. Kundi hilo lina stafilokokasi, wasababishaji wakuu wa majipu. Fangasi wa utando mweupe mdomoni nao haiwaachi.

Antibiotiki zilipokuja, nchi tajiri ziliiweka kando. Kwetu ilibaki kwa sababu ni rahisi kununua. Mwaka 2019 Kanada iliwaonya watu waache kuitumia, kwani wanyama wa maabara walioilishwa walipata saratani. Onyo hilo si la kupuuzwa, na mzazi ana haki ya kuelezwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kutibu watoto iliweka mipaka: asilimia 0.5 kwa vipele vya usaha, mara mbili kwa siku, siku 5. Mdomoni ni nusu ya nguvu hiyo, asilimia 0.25, kwa kuwa ikiwa kali huchubua mdomo.